Nilivyotafuta Zeituni Nkanka

Jamani, kuna kanisa moja kule Nkanka ambalo mpaka leo silipiti bila kujifunika kitenge usoni, na kicheko chenu msikizuie, nimeshazoea.

Mimi napika sabuni nyumbani, Kamembe, sabuni laini ya watoto wachanga, na bila mafuta ya zeituni haitoki. Basi yakaadimika. Madukani hakuna, akina mama wanaovuka mpaka wa Rusizi I kutoka Bukavu, Kongo, wanarudi na mawese tu (mwogeshe mtoto kwa sabuni ya mawese uone anavyogeuka rangi ya karoti), na wateja wangu wakahamia mmoja mmoja kwa Maman Aline, jirani yangu, ambaye mafuta, sijui anayatoa wapi, hakuyakosa hata siku moja. Wivu ulinikaba. Nikisikia harufu ya sabuni yake inapita uani kwangu, hamu ya kula inaniisha. Ningemwomba kikombe kimoja yangekwisha, lakini nani, mimi?

Nikasikia kuna pasteri Nkanka anagawa mafuta ya zeituni ya upako. Nikajisemea huko hakuna anijuaye, nikaenda, nikakuta akina mama wamepanga mstari mbele, kila mmoja anaombewa na kupewa chupa, nikajipenyeza (masikio yangu yalikuwa yanasikia neno mafuta tu, mengine yote yalipita). Zamu yangu ikafika, pasteri akaniwekea mikro, kipaza sauti chake, mdomoni.

"Maman, unatafuta ya namna gani?"

"Ya Italia, Papa Pasteri. Kama iko, hata mbili nitabeba."

Kanisa zima likaangua kicheko. Kumbe ule ulikuwa mstari wa wanaotafuta mume (na kwa Kiswahili chetu cha huku, hata mume anaulizwa "ya namna gani"). Na kwenye kwaya nani anasimama? Maman Aline, kumbe ndiko anakosali.

"Papa Pasteri, huyu maman iko na bwana na batoto bane. Anatafuta mafuta ya sabuni." Kisha akanigeukia, taratibu. "Si ungekuja tu kwangu, maman?"

Kesho yake akaniletea nusu dumu. Nikapika, wateja wakarudi, na wa kwanza akainusa sabuni akasema, "Hii iko muzuri, sawa ya Maman Aline." Nikacheka kwa meno tu. Wivu haujaniisha, siwadanganyi, ila mafuta sasa namwomba mwenyewe mlangoni kwake, maana afadhali hivyo kuliko kuombewa mume mbele za watu wakati wako yuko nyumbani, na habari imemfikia kabla hujarudi.