Mapigo Aliyoyaficha Mume Wangu

Mume wangu huchimba dhahabu Segese, na wachimbaji wanajua kipimo cha aina moja tu: kile cha kabla ya kuajiriwa. Ukifaulu unaingia kazini, ukifeli unarudi kwa mkeo. Ningekumbuka hilo mapema, nisingehangaika kumpeleka hospitalini.

Moyo wake ulikuwa unaruka. Pigo moja linawahi kabla ya wakati wake, kunakuwa kimya, kisha linakuja dundo zito linalomfanya ashike ukuta. Daktari alitueleza kuwa mapigo yale ya ziada huanzia vyumba vya chini vya moyo. Yakiwa machache huachwa tu. Yakiwa mengi mno huuchosha moyo mpaka ushindwe kazi, na hapo dawa ni lazima. Kipimo cha umeme wa moyo cha palepale hakikuonyesha kitu, maana huchukua sekunde chache. Basi akamfunga kifuani kijimashine chenye nyaya, akae nacho siku nzima na afanye kazi zake kama kawaida.

Hakufanya hata moja. Alirudi nyumbani Nyahanga akajilaza, akazima redio, akakataa kahawa, akawafukuza watoto wasije wakampandisha hasira. Nilimwambia anajidanganya mwenyewe.

"Mama watoto," akasema, "nikifeli hiki, nani atanirudisha shimoni?"

Nilikasirika mpaka nikacheka. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nikamwambia. Akafumba macho ili apumzike vizuri zaidi.

Kesho yake daktari alisoma majibu akaridhika. Mapigo ya ziada yalikuwa ya kuhesabika, hayakuhitaji dawa. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, jana alifanya kazi zake kama kawaida?"

Mume wangu hakuniangalia. Aliangalia viatu vyake, akashika pindo la kanga yangu. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akiomba kitu.

"Ndiyo, daktari," nikasema.

Tulirudi kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma. Alikuwa anapiga soga na dereva kuhusu shimo jipya. Nilikuwa nimemzungushia mkono kifuani, na chini ya kiganja changu moyo ukapiga, ukanyamaza, ukadunda. Baada ya kitambo kidogo tena, na tena. Niliogopa sana. Nikamkumbatia kwa nguvu, naye akadhani naogopa mwendo, akamwambia dereva apunguze.