Punda Hana Nundu

Kwetu Ngulyati kila ng'ombe alikuwa na jina. Guku, yaani babu yangu, aliwaita kwa rangi na madoa yao, na jioni wakiingia zizini alijua nani hayupo bila kuhesabu. Punda walikuwa wawili na hawakuwa na jina hata moja. "Punda," alisema Guku, "ni ng'ombe aliyesahau nundu nyumbani." Tulicheka, naye akacheka kutuzidi, maana hakuna aliyefurahia utani wa Guku kuliko Guku mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa mpanda punda. Nasema hivyo kwa majivuno kabisa. Wasichana wa kwetu hawakupanda punda. Walitembea nyuma yake na ndoo kichwani. Mimi nilimpanda mmoja wao, yule jike, hadi mtoni, gunia tupu ndilo tandiko langu, huku kaka zangu wakipiga kelele njiani, "Pisheni, bodaboda ya masikio marefu!" Alinibwaga mara nyingi. Siku moja alinibwaga kwenye tope mbele ya darasa langu zima, kisha akasimama kuningoja. Nilimpenda kupita kiasi.

Asubuhi moja nilishika manyoya ya shingo nipande, naye akatetemeka mwili mzima. Nilipotazama kiganja changu, kilikuwa na usaha. Chini ya manyoya, pale nira inapolalia, palikuwa na kidonda kibichi. Niliona aibu, maana wiki nzima nilikuwa nimempanda nikiimba.

Siku hiyo nilitembea kando yake, ndoo kichwani. Mama aliponiona akashangaa.

"We mtoto, una punda halafu unajitwika ndoo?"

"Anaumwa, mama."

"Punda huwa anaumwa?" Aliuliza kwa dhati kabisa.

Guku alikitazama kidonda, akatoa msemo wake. Alikuwa na mmoja tu kwa kila jambo: punda afe, mzigo ufike. Ukilalamika mtihani mgumu, punda afe, mzigo ufike. Ukichoka kupalilia, hivyo hivyo. Sasa aliusema kwa punda mwenyewe, na kwa mara ya kwanza niliusikia vizuri. Msimu wa kuuza pamba ulikuwa unakaribia. Kama kidonda hakitapona kabla ya hapo, alisema, jike atauzwa kwa wale wanunuzi wa ngozi waliopita vijijini na pikipiki, na tutanunua mwingine. Wanunuzi wale hawakutafuta punda wa kufuga, hilo kila mtoto alilijua. Nililia mpaka kwikwi, halafu nikakasirika, na hasira ilinifaa zaidi.

Wiki hiyo bwana mifugo alikuja kuchanja ng'ombe. Tulimwita bwana, ingawa alikuwa mama mwenye kilemba na buti za mpira. Nilipiga goti, nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani za mchana, mama, na kabla hajamaliza kuitikia nikamwomba aje amwone punda. Guku akatufuata nyuma akiniombea radhi.

Yule mama alikitazama kidonda kwanza. Alienda kwa dume letu la kulimia, akaweka kiganja juu ya nundu.

"Baba, nira inakaa wapi?"

"Mbele ya nundu."

"Na ng'ombe anaisukuma kwa kitu gani?"

"Si kwa hiyo nundu?"

Akarudi kwa punda, akapapasa shingo yake pole pole. "Na huyu, nundu yake iko wapi?"

Guku akafungua mdomo kutoa utani wake wa siku zote, kisha akaufunga. Maisha yake yote, na baba yake kabla yake, alikuwa amewafunga punda nira ya ng'ombe. Kwetu sisi, chochote chenye miguu minne kinachovuta ni ng'ombe tu.

"Punda anavuta kwa kifua," yule mama alisema. "Mfungeni mkanda mpana hapa mbele. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi kila siku, na apumzike."

Nilikiosha asubuhi na jioni. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, na mguu wangu wa kushoto ni shahidi. Mikanda miwili, wake na wa mwenzake, niliishona kwa magunia yaliyokunjwa, na ndani nikajaza pamba kutoka kwenye lundo la Guku. Akanifuma.

"Mayu! Pamba safi ya kuuza unamvalisha punda?"

"Guku, kwani mto wako una nini ndani?"

Akaondoka akinung'unika. Kesho yake nilikuta mshono wangu umefumuliwa na kushonwa upya, maana wa kwanza ulikuwa umepinda.

Kidonda kilifunga siku chache kabla ya msimu. Siku ya kupeleka pamba tulipakia mkokoteni, tukawafunga punda mikanda yao, nami nikatangulia. Nusu ya kijiji ilitoka kututazama. "Mzee, punda wako kavaa sidiria?" mtu akapiga kelele, na njia nzima ikacheka. Mimi nilicheka mpaka machozi. Guku hakucheka, ila niliona mabega yake yakitikisika.

Kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Mnunuzi wa ngozi alikuwepo, ameegemea pikipiki yake.

"Mzee, yule wa kidonda yuko wapi?"

Kumbe habari za kidonda alikuwa nazo. Guku alipitisha mkono shingoni mwa jike, taratibu, pale pale pa zamani.

"Kidonda kipi?" aliuliza.

Mara zamu yetu ikaitwa. Mpima pamba alikuwa na haraka, mizani ilikaribia kufungwa, na watu wote nyuma yetu walitusukuma kwa maneno. Guku alikuwa anafungua kamba za mkokoteni na kuteremsha dumu la maji na beseni.

"Mzee, sogeza!" jirani yetu alifoka. "Umesahau msemo wako? Punda afe, mzigo ufike!"

Guku akainama, akamimina maji kwenye beseni mbele ya punda. Hakugeuka hata kumtazama.

"Mzigo hauna kiu," alisema.