Bembea ya Malaba Itafunguliwa Lini

Bembea ilifika Malaba wiki ile ile kipindupindu kilipofika, na kwa muda fulani watu wengine waliamini kwamba vilikuja kwa lori moja.

Kwa wasiowahi kuona bembea ya aina hiyo, nitaieleza polepole, kwa sababu yote yaliyofuata yanategemea jinsi ilivyofanya kazi. Fikiria gurudumu la baiskeli lililosimama wima, kisha ulikuze mpaka lizidi paa la nyumba ya ghorofa. Pembezoni mwake ning'iniza viti vinane vya mbao, kila kimoja cha kukalia watu wawili. Injini hapana. Chini kulikuwa na mkono wa chuma, na mwenye bembea, mtu wa Kisumu mwenye mabega mapana, aliuzungusha kwa nguvu zake mwenyewe. Mtu mmoja hawezi kuinua wengi hivyo, isipokuwa uzito wa upande huu uwe sawa na uzito wa upande ule. Anayepanda anainuliwa na anayeshuka. Ukishaelewa hilo, hutapata shida mbele.

Aliisimamisha katika uwanja ulio kando ya soko. Alipokuwa juu kabisa akipaka grisi, alitupigia kelele kwamba anaona ng'ambo ya mto, anaona ng'ombe wa Uganda, na anaona wanawake wakianika mihogo juu ya miamba. Sisi tuliokuwa chini tulifurahi sana kwa ajili yake. Kesho yake, kabla mtu yeyote hajapanda, bwana afya wa tarafa alikuja kwa pikipiki na kutangaza kwamba mikusanyiko imepigwa marufuku. Alifunga soko. Alifunga shule yangu. Alikataza matanga ya watu wengi, akakataza wazee kuzunguka chungu kimoja cha pombe na mirija yao. Daraja la mpakani nalo likafungwa, na askari wakawekwa kandokando ya mto ili watu wasichote maji yale. Mwisho kabisa, akiwa amekwisha kuvaa kofia yake ya pikipiki, aliitazama bembea, akaifunga pia.

Kinyozi wa karibu na uwanja ndiye aliyekuwa mkuu wa wabashiri. Kibarazani kwake paliruhusiwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo wengine tulisimama barabarani, kila mtu peke yake, tukiwa wengi.

"Mwalimu, wewe umesoma," aliniuliza asubuhi moja, wembe ukiwa shingoni mwa mteja. "Hii bembea itafunguliwa lini?"

"Itafunguliwa ugonjwa ukiisha."

"Na ugonjwa utaisha lini?"

"Watu wakichemsha maji ya kunywa na kuchimba vyoo."

Kinyozi alitazama upande wa soko, akawaza. "Sasa sema tu haifunguliwi, tujue."

Mteja, bila kutikisa shingo, alisema amesikia Busia wamefungua kila kitu. Nilimtia moyo, nilimwambia ni habari njema ikiwa kweli. Kesho yake alipita mtu aliyetoka Busia kwa baiskeli, akatueleza kwamba huko wanasubiri wasikie Malaba imefunguliwa.

Mimi niliuchukua mjadala huo kama mchezo mpaka mama mkwe alipokuja.

Alitoka Amukura kwa miguu, akiwa na kikapu cha mtama cha kumpelekea dada yake mdogo, ambaye alikuwa ameolewa ng'ambo, katika kijiji kilicho karibu na mto. Huko ndiko walikozaliwa wote wawili. Alifika darajani, askari wakamrudisha. Habari za ng'ambo zilikuwa zikitufikia kwa mdomo, na kila mdomo ulikuwa na idadi yake ya wafu. Wengi walisema kijiji kile kimepigwa vibaya. Mama mkwe alisema harudi Amukura kabla ya kujua kama dada yake yuko hai.

Hapa inabidi nieleze jambo lingine. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai benchi moja, na hawatazamani usoni. Ni heshima, si ugomvi. Hawezi pia kulala nyumbani kwa mkwe. Basi alikaribishwa na mjane jirani yetu, nyuma ya ua wa minyaa, na kila jioni alikuja kusimama upande wake wa ua. Mke wangu alisimama penye mwanya. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nimeupa ua mgongo.

"Mwambie mkwe wangu," mama mkwe alisema jioni ya kwanza, "hiyo bembea itafunguliwa lini?"

Mke wangu aligeuka. "Mama anauliza bembea itafunguliwa lini."

Nilikuwa nimemsikia vizuri, nasi sote tulijua nimemsikia. Nilidhani mama anataka kujiburudisha kidogo kwa sababu ya wasiwasi, na nikaona hakuna ubaya. Nikaeleza habari za vijidudu, jinsi vinavyosafiri majini, na kwa nini mikusanyiko huwa ya mwisho kuruhusiwa. Nilichukua muda. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akaugeukia ua, akasema, "Hajui."

Kisha mama mkwe alisema: "Mwambie kwamba mwenye bembea aliona miamba."

Ndipo nilipoelewa. Nyumbani kwa dada yake palikuwa na mwamba mweusi mpana kando ya jiko, na juu ya mwamba ule alikuwa akianika mihogo kila kulipokuwa na jua. Mihogo iliyomenywa ni myeupe. Mwamba ukiwa mweupe, kuna mtu mzima wa afya anayemenya na kuanika. Ukiwa mweusi siku ya jua, basi. Mama mkwe hakutaka kuzungushwa. Alitaka kufika pale juu, kutazama, na kushuka.

Toka siku hiyo sikuuona tena mjadala wa kinyozi kuwa mchezo. Nilisikiliza redio mpaka betri zikaisha, nikazianika juani, nikasikiliza tena. Nilimwendea bwana afya nikamweleza yote, kwa utaratibu, kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza kwa upole.

"Mwalimu, nikifungulia mama mkwe wako, si nitafungulia mama mkwe wa kila mtu?"

Ilikuwa hoja nzuri.

Wakati huo bembea ilikuwa ikizunguka kila asubuhi, na hilo liliwaudhi watu. Mwenye bembea alikuwa akiogopa chuma kisishikane kwa kutu, kwa hiyo aliweka magunia ya mchanga vitini, moja huku na jingine upande wa pili, akayazungusha. Magunia yalipanda, yakatazama Uganda, yakashuka.

"Gunia inapanda, mtu hapana," alilalamika kinyozi.

"Gunia haiharishi," mwenye bembea alimjibu kutoka uwanjani, akiendelea kuzungusha.

Mama mkwe aliyaona magunia yale. Jioni ile, kupitia kwa mke wangu, aliniuliza gunia moja lina uzito gani. Nilimwambia lisilojaa sana lingekaribia uzito wa mtu. Akauliza mtu wa namna gani. Nilisita, kwa sababu mkwe hazungumzii uzito wa mama mkwe wake, nikasema mtu wa heshima.

Kisha mwenye bembea alichoka kungoja. Alipata habari kwamba Kitale hakuna ugonjwa, akamtuma msaidizi wake akatafute lori, akatangaza kwamba kesho asubuhi anaifungua, maana yake anaifungua vipande vipande. Barabarani habari ilifika ikiwa imekatwa mkia: bembea inafunguliwa kesho. Bwana afya alikuja alfajiri kuzuia watu. Alipofika alitukuta mwenye bembea, mimi, mke wangu, na mama mkwe amesimama mbali kidogo, ametupa mgongo, ndani ya leso yake mpya kuliko zote.

Mwenye bembea alikuwa lazima aizungushe mara ya mwisho ili kuilegeza kabla ya kuibomoa. Nilimweleza bwana afya kwamba hatuombi kufungua. Tunaomba kubadilisha magunia.

"Na upande wa pili akae nani?" aliuliza.

"Mimi. Ndiyo mizani."

"Mtakaa karibu?"

Nilimwonyesha. Kiti chake na changu vilikuwa pande mbili za gurudumu. Yeye akiwa juu, mimi niko chini. Yeye akishuka kwa kulia, mimi napanda kwa kushoto. Hata tuzunguke mpaka jioni, hatutakaribiana kamwe. Katika maisha yangu yote sijaona chombo kingine kilichotengenezwa kwa kujali wakwe namna ile.

Bwana afya alikitazama kiti, akanitazama. "Mnaweza kugusana?"

"Hata tungeweza, haturuhusiwi."

"Dakika chache," alisema. "Na hii si kufungua."

Mke wangu alimfunga mama yake kitini kwa leso ya pili, miguu ikafunikwa kabisa, maana kulikuwa na suala la mimi kuwa chini yake. Nilipokaa kwenye changu nilivuta kofia mpaka puani, nikaacha upenyo wa kuona chini tu. Mwenye bembea alishika mkono wa chuma. Nilisikia mlio, nikapita juu, nikashuka. Tukasimama. Kwa miguu yangu nilijua niko karibu na ardhi. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa kileleni.

"Mama, unaona?" mke wangu aliita.

"Naona mwamba."

"Ukoje?"

"Mweusi."

Jua lilikuwa limekwisha kutoka, jua zuri la kuanikia. Nilikaa na kofia yangu usoni. Nilitaka kueleza kwamba huenda bado ni mapema, kwamba huenda mihogo bado haijamenywa, lakini sikuruhusiwa kumwelekea, na kwa mara ya kwanza maneno yenyewe hayakuja.

"Mama ashuke?" mwenye bembea alimuuliza mke wangu. "Mkono unachoka."

"Ngojeni," ilisema sauti ya juu.

Bwana afya alitazama saa yake. Mwenye bembea alinigeukia. "Mwalimu, usitoke hapo. Ukitoka wewe, mama anakuja chini kama jiwe." Basi nikakaa. Kazi yangu asubuhi ile ilikuwa uzito. Niliifanya kwa makini kuliko kazi nyingi nilizosomea.

Tulingoja sana. Nilisikia watu wakianza kujaa upande wa kinyozi, kila mtu peke yake.

"Kuna mtu ametoka," mama mkwe alisema.

"Nani?"

"Mwanamke. Ana kikapu."

"Ni yeye?"

"Mbali. Mwanamke ni mwanamke." Nilisikia kiti chake kikilia. "Ameinama. Anaanika." Halafu ghafla sauti yake ilipanda, kali, sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyuma ya ua. "Anaanzia chini! Tangu tukiwa wasichana namwambia aanzie juu, maji ya mvua hutelemka na kubeba ya chini yote! Anaanzia chini! Mpumbavu huyu!"

Mke wangu alikaa chini pale pale kwenye nyasi, akaanza kulia na kucheka.

"Ni yeye," alimwambia bwana afya. Bwana afya alisema ameelewa.

Mwenye bembea alizungusha. Mimi nikapanda, mama mkwe akashuka. Na hapa lilitokea jambo ambalo ungelitarajia, kwa kuwa nimekwisha kukueleza mizani. Kiti chake kilipofika karibu na ardhi, mama mkwe alijifungua leso, akashuka, akaenda zake kumkumbatia binti yake.

"Mama, usitoke!" alipiga kelele mwenye bembea. Mimi niliyekuwa kileleni nilihisi gurudumu linaanza kufikiria. Mwenye bembea aliuacha mkono wa chuma, akaruka, akajitupa katika kiti kile kitupu, na gurudumu likatulia. Sasa tulikuwa sawa, yeye chini na mimi juu, na hakukuwa na mtu wa kuzungusha.

"Bwana afya," alisema kwa adabu, "nisaidie hapo."

Bwana afya alivua koti. Alishika mkono wa chuma kwa mikono miwili, na wakati huo huo umati wote wa upande wa kinyozi ukamwona.

"Imefunguliwa!" kinyozi alipaza sauti. "Serikali yenyewe inazungusha! Mwalimu yuko juu! Mwalimu, wamefungua?"

"Hapana!" nilijibu.

"Sasa wewe unafanya nini huko?"

Nilianza kueleza. Nilianzia kwenye mizani. Sidhani walinisikia, kwa sababu walikuwa wamekwisha kupanga mstari, na bwana afya aliuacha mkono wa chuma akaenda kuwatawanya, akaniacha pale pale juu.

Niliinua kofia. Ng'ambo ya mto, kando ya nyumba ya nyasi, palikuwa na mwamba mweusi, na katika sehemu yake ya chini palikuwa na weupe kidogo, na mtu mdogo kama mchwa aliyeinama. Nilimtazama akienda na kurudi.

Chini yangu mama mkwe alikuwa amekwisha kujitwika kikapu chake cha mtama kurudi nacho Amukura. Alisimama, amenipa mgongo, akamwambia mke wangu kitu.

"Mama anasema," mke wangu aliniita, "kwa vile bado uko huko juu, umtazamie. Amefika juu ya mwamba?"

Nilitazama vizuri kabla ya kujibu.

"Mwambie amefika katikati. Na mwambie hakuna wingu."

Mke wangu alimwambia, ingawa sote tulikuwa tumesikia. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, akakisawazisha kikapu, akashika njia.