Nilichagua gololi ya chuma kwenye gobore la baba mkwe, nusura nikose mke

Wakuu, habari za humu ndani.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi, na aliyeumbuka ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kuwadanganya. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Mimi ni fundi wa karasha huku Geita, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mchumba wangu Minza kwao ni upande wa Chato, kijiji kimepakana na pori. Nilishapeleka posa, lakini baba yake, Mzee Luhende, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Njoo Jumamosi twende kuwinda. Nitakujibu tukirudi."

Hiyo ni interview, wakuu. Sikulala vizuri wiki nzima.

(Kabla watu wa sheria hawajanivamia: gobore lina karatasi zake na kibali kilikuwepo, pongo mmoja tu, yule swala wa vichakani.)

Jumamosi asubuhi nikafika. "Shikamoo baba." "Marahaba." Hakuna stori nyingine. Mzee akamwaga vitu juu ya gunia: vidonge vya madini ya risasi alivyoyeyusha mwenyewe kutoka betri chakavu ya gari, na gololi za chuma zilizotoka kwenye bearing.

"Chagua cha kumpigia pongo."

Hapo ndipo ufundi ukanipanda kichwani. Nikakwaruza ile risasi kwa ukucha, ikaacha alama. Moyoni nikasema huyu mzee ananitega, kitu laini hivi kitaua nini? Karasha linanifundisha kila siku kwamba kigumu ndicho kinachovunja.

Nikachukua gololi ya chuma, tena ile inayong'aa.

Mzee akashindilia baruti, kisha akaninyooshea kitambaa cha kanga kilichopakwa mafuta ya ng'ombe. Nikamwambia, "Haina haja baba, inaingia yenyewe." Na kweli, ilishuka kwenye mtutu bila hata kusukumwa. Nikajisifu kabisa.

"Ehee," akasema mzee. Basi.

Tukapanda juu ya kichuguu kikubwa. Chini bondeni pongo dume anakula majani, katulia. Mzee akanipa gobore. Nikainamisha mtutu kumlenga, nikasikia "tik" kwenye jiwe. Nikadhani ni kijiti tu.

Nikafyatua. PUUU! Moshi kila mahali.

"Nimempataaa!"

Wakuu, nilishuka kile kichuguu mbio nikiruka ruka. Nikatafuta damu kwenye nyasi, kwenye vichaka, mpaka kwenye korongo. Hata tone. Nikarudi juu nikiwa na maelezo yangu tayari, kwamba amejeruhiwa, hatafika mbali.

Mzee kakaa palepale, kafungua kiganja. Gololi yangu hiyo hapo.

"Umesahau kitu chako."

Ilishabingirika ikatoka kabla sijafyatua! Nilimpiga pongo kwa moshi mtupu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, mimi natamani ardhi ipasuke.

Alipotulia akanionyesha. Risasi inaviringishwa kwenye kitambaa, inasukumwa kwa ufito mpaka ikabane, hata ukiinamisha haitoki. Na ule ulaini ndio unaotakiwa: ikimgonga mnyama inatanuka, anaanguka hapohapo bila kuteseka. Akasema pongo hahami kwake, tusubiri. Kweli bwana, jua lilipopanda akarudi. Mzee akapiga mara moja tu, pongo chini.

Njiani nilibeba nyama. Nilijua jibu langu.

Tulipokaribia boma, mama mkwe akauliza kutokea nyuma ya jiko, maana kwa mila yetu hatuonani ana kwa ana:

"Nimesikia milio miwili. Nani kapiga?"

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Mkwe kaanza," akajibu, "mimi nikamalizia."

Mkwe! Hakuwahi kuniita hivyo. Minza akapiga kigelegele huko ndani mpaka kuku wakatawanyika, na mimi nikamshukuru mzee kwa Kisukuma, "wabeja bhabha", na machozi yananilenga.

Funzo: ukiwa kwenye fani ya mtu, uliza. Mwenzenu sikuuliza hata swali moja.

Wenye magobore halali, ninyi mnatumia nini? Na mliowahi kuumbuka ukweni, shukeni hapa mnifariji.

Harusi ni baada ya mavuno. Nyama itakuwa ya ng'ombe, mzee kasema mtutu nisiuguse.