Mtani Aliyeshika Pini ya Propela

Utasema nimetunga. Sema, lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho, maana jambo hili halikutokea usiku wala makaburini, na mimi si mtu wa kuona vitu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, kwenye mwalo mmoja wa ziwa, bandari ndogo ya wavuvi, upande wa Geita, na mikono yangu ilikuwa imejaa grisi. Mtu mwenye grisi mikononi anawaza mizimu saa ngapi?

Mimi ni fundi wa injini za boti. Ndiyo, ni mwanamke, na kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane. Siku hiyo hasira zangu zilikuwa karibu kuliko kawaida, kwa sababu mdogo wangu Kabula alikuwa anaolewa kisiwani na boti ya kumpeleka ilikuwa inanisubiri mimi. Kabula, baba, mama, mashangazi, ngoma na masufuria, wote walitakiwa wavuke kabla ya upepo wa mchana. Upepo huo ukikukuta katikati ya ziwa huku injini imekwama, boti inageukia wimbi ubavu, na kwetu wengi hawajui kuogelea. Watu wangu wote walikuwa wanapanda chombo kimoja, na usalama wao ulikuwa kwenye kitu chenye ukubwa wa sahani.

Kitu hicho ni propela. Wengi wanadhani injini ndiyo inayosukuma boti. Injini inazungusha tu. Kinachosukuma ni propela: mapanga yake matatu yamepindwa kidogo, kila moja linakata maji na kuyatupa nyuma, na boti inakwenda mbele, namna skrubu inavyojivuta kwenye mbao. Mapanga yakilingana uzito na mpindo, hutasikia kitu, utateleza tu. Moja likiwa na kasoro, mhimili unatetemeka, sili, zile pete za mpira za kuzuia maji, zinakatika, maji yanaingia kwenye gia, na siku moja panga lenyewe linakatika na kuzama.

Sasa, propela yetu ilikuwa imegonga mwamba. Mwenye boti, bila kuniuliza, akaipeleka kwa fundi wa karasha huko machimboni. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na huyo fundi ni hodari, simkatalii, ila kwake kizuri ni kinene. Alilijaza panga lililovunjika kwa weld mpaka likaota shavu. Nilipoletewa, nililisaga kwa tupa kutwa nzima, nikaipitisha propela kwenye chuma chembamba nilichokilaza juu ya mawe mawili, nikaizungusha. Panga zito halijifichi, lazima lishuke chini. Nikasaga, nikazungusha, mpaka ikawa inasimama popote. Nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi nikakuta shangazi Minza ameipitia kwa brashi ya rangi. Sare ya harusi ilikuwa ya waridi, basi shangazi akaamua boti nayo iwe ya waridi, na makasia, na hata ndoo ya kutolea maji. Propela aliipaka kwa mkono mzito, mara mbili, na ilikuwa imeshakauka. Nikamuuliza ni nani atakayeiona huko chini ya maji. Akaniambia harusi ni harusi, nisimletee ubishi.

Boti ilikuwa imevutwa mchangani. Nikaondoa uzi wa nyavu uliojizungusha kwenye mhimili, maana uzi huo ndio unaokula sili, nikapaka grisi, nikaivika propela, nikakaza nati. Ilibaki pini tu, kile kiwaya kinachopitishwa kwenye nati ili isijifungue yenyewe. Nikanyoosha mkono kwenye ubao nilipokuwa nimeiweka. Haipo.

Nikainua macho. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti, kanzu fupi, balaghashia, miguu inaning'inia, ameishika pini yangu kwa vidole viwili.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Hiyo pini ni yangu."

"Marahaba, mtani wangu. Kwani nimesema ya nani?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani, cha Uzaramo kabisa. Na ukiwa Msukuma, Mzaramo akikuita mtani, ujue umepatikana. Sisi na wao tuna ruhusa ya kuchambana bila kukasirikiana, na kwenye harusi au msiba mtani anaweza kushika kitu chako asikuachie mpaka umtimizie anachotaka. Ukinuna, aibu ni yako.

"Wasukuma mnajua ng'ombe," akasema. "Maji mmeyajulia wapi? Mmeipamba hii utadhani ni mtamba wa mahari."

"Afadhali sisi tunajua ng'ombe," nikamjibu. "Nyie mnajua ngoma tu, na siku ya kazi mnaumwa."

Akacheka mpaka mabega yakaruka. Amini usiamini, na mimi nilicheka, hasira zote za asubuhi zikanitoka. Nikamwambia haya, sema unachotaka, kuku, soda, kichwa cha sato.

"Si umesema tunajua ngoma? Basi nataka ngoma. Gonga hayo mapanga, moja moja. Yote yakiniimbia, unapata pini yako."

Nikachukua spana. Panga la kwanza nililigonga kidogo tu, likatoa mlio mrefu, safi. La pili vivyo hivyo. La tatu likasema ko, kama nimegonga kibuyu. Nikarudia. Ko. Nikachukua kisu, nikakwangua rangi ya shangazi pale panga linapoungana na kitovu cha propela, na hapo ukajitokeza ufa, mwembamba kama unywele, umelizunguka shina zaidi ya nusu. Moto wa kulehemu ulikuwa umelidhoofisha panga, mimi jana yake niliangalia uzito tu, na rangi ikafunika kila kitu.

"Unagombana na nani huko?" Ilikuwa sauti ya shangazi Minza, amesimama mbali kidogo na kanga zake mkononi. "Muda wote nakuona unaongea na injini, unacheka peke yako. Twende, watu wanasubiri."

Nikamgeukia mzee. Hakuwepo. Pini ilikuwa imelala pale alipokaa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, mchanga ulikuwa laini, na kuizunguka boti nzima kulikuwa na nyayo zangu mimi tu.

Ungefanya nini wewe? Mimi sikuwa na nafasi ya kuogopa. Nilikimbia kwa jamaa mmoja wa boti ya samaki, nikaazima propela yake. Ilikuwa imejaa makovu, haina rangi hata chembe, lakini niliigonga mbele ya watu wote na mapanga yote matatu yakaimba. Shangazi akasema haiendani na sare. Tukaondoka tumechelewa, na upepo ukatukuta katikati kweli. Boti ilipanda na kushuka, mama akafumba macho akasali, na injini ikaendelea kuunguruma bila kukohoa mpaka tukawaona wenyeji wetu wanatupungia vitambaa ufukweni. Kabula alishuka amelowa hadi magotini, anacheka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jioni, watu wakicheza, nilimsimulia baba. Baba alikuja ziwani kutoka Kishapu akiwa kijana, hajawahi kuona boti. Alinisikiliza, akauliza kuhusu ile kanzu fupi, akauliza kuhusu kicheko cha mabega. Kisha na yeye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha, machozi yakaendelea.

"Huyo ni Pazi, ng'wanone," akasema. "Fundi wa kwanza wa injini pale mwaloni kwetu. Alikufa hujazaliwa, mwanangu. Siku ya kumzika nilishuka kaburini nikalala humo, nikawaambia hazikwi mtani wangu mpaka nipewe jogoo. Niliwachelewesha hadi jua likakaribia kuzama. Kumbe alikuwa anasubiri zamu yake."

Tuliporudi niliibana ile propela ya waridi kwenye jiliwa, nikalipiga panga la tatu nyundo moja tu. Likaanguka chini. Hapo ndipo hofu iliponishika. Nilikaa juu ya ndoo, namwona Kabula na gauni lake ndani ya maji.

Baba alikwenda kulifyeka kaburi la Pazi, akamchamba mtani wake kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama kumtazama. Mimi nimebaki na langu. Mpaka leo, wateja wakiniharakisha nikasahau kugonga mapanga, pini haionekani. Naipekua mifukoni, kwenye kopo, mchangani, haipo. Nikishachukua spana nikagonga na kusikiliza, nageuka naikuta palepale nilipoiweka. Sishtuki tena. Namwambia nimekusikia, mtani, na naendelea na kazi.

Kwa hiyo wewe unayevuka ziwa, ukimkuta fundi ameinamisha sikio anagonga propela, usimwambie muda unakwenda. Na mtani akikushikia kitu chako siku ya furaha yako, usimnyang'anye. Mwache akucheleweshe.