Siku Mfadhili Alipokuja Kutuuliza Hali

Kikundi chetu cha kina mama hapa Kiwalani kilianzia kwenye darsa. Alhamisi baada ya alasiri tunasoma, tukimaliza tunabaki kupiga soga. Ikawa hivyo mpaka alipofariki jirani yetu mmoja, mwanamke wa rika langu, akiwa anafua. Aliinama kwenye beseni, hakuinuka tena. Wakasema presha. Mwenyewe hakuwahi kujua kama anayo. Ndio tukaanza kupimana, tukisaidiwa na daktari wa moyo, binti mdogo tu, aliyekuwa anakuja na mashine yake siku akipata nafasi.

Daktari alikuwa na lake. Alitaka kufanya utafiti ajue kwa nini wanawake wa mitaa kama yetu mioyo inawachoka mapema. Sie tulitaka mashine za kukaa hapahapa na dawa za karibu.

"Mama," akaniambia, maana mie ndiye katibu, "kuna mfuko huko nje unafadhili yote mawili, utafiti na huduma. Ila wanataka daktari na wananchi waombe pamoja."

Tukaandika andiko. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni, yale ya watu wazima, na Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Lakini kila nikitoka darasani napitia kwake, yeye anaandika, mie namkatalia.

"Hapa umetuita watu dhaifu. Nani dhaifu? Ushawahi kutuona tunabeba ndoo?"

Anacheka, anafuta.

Moyoni mwangu nilikuwa namwombea mtu mmoja, mama mkwe wangu. Tunaishi naye tangu nimeolewa, kanilelea wanangu wote. Miguu ilikuwa inamvimba, akitoka chooni anashika ukuta. Hospitali ukimtajia anakuja juu: "Nikakae foleni ya nini, naumwa mie?" Nilijua hatakwenda. Ila nilijua pia, huduma ikimfuata mtaani, akiwa na wenzake, atakaa apimwe. Kwa hiyo kila sijda yangu ilikuwa na huo mradi ndani.

Andiko likapita hatua ya kwanza. Mfuko ukasema utamtuma mtu aje aone kwa macho kama shida ipo kweli.

Mgeni anakuja, jamani! Tukafagia uchochoro mpaka kwa majirani tusioongea nao. Tukaazimana masinia. Madera yakapigwa pasi. Hata wale ambao dawa huwaga wanameza siku wakikumbuka, wiki ile walimeza kama watoto wa shule. Mgeni alikuwa mama wa makamo, mzungu, mpole, Kiswahili chake kinaishia kwenye shikamoo. Daktari akawa mkalimani. Tukaketi kwenye majamvi, maswali yakaanza.

Wa kwanza akaulizwa habari za afya yake. "Nzuri, alhamdulillah."

Wa pili: "Mzima kabisa. Sijui nyie mtokako?"

Wa tatu akasema hana neno, anamshukuru Mungu, na akamuuliza mgeni kama watoto aliowaacha hawajambo.

Ikafika zamu ya mama mkwe. Daktari akamwinamia. "Bibi, kifua hakikusumbui? Pumzi je?"

"Sijambo mwanangu. Hofu kwenu."

Mgeni akafunga kalamu yake. Daktari akanivuta pembeni, jasho linamtoka.

"Mama, mbona wote wazima? Sasa huyu ataandika nini?"

"Dokta, mgeni kaja kwako, kakuuliza hali. Utammwagia maradhi yako mlangoni? Si adabu hiyo."

"Najua. Hata bibi yangu ndivyo alivyo. Lakini mgeni hajui, na leo hii anaondoka."

Nikarudi kukaa, nimenyong'onyea. Siwezi kuwagombeza watu wazima mbele ya mgeni niwaambie semeni mnaumwa. Na kumwacha aondoke hajala haiwezekani vilevile, wakati mchele wenyewe hata kuchaguliwa bado, maana alifika mapema na wapishi ndio sie tuliokuwa tunahojiwa. Nikasema basi, tumpikie kwanza, mengine Mungu anajua.

Nyungo zikaletwa. Wengine wakamenya vitunguu, wengine wakachagua mchele. Mgeni akaomba ungo naye. Jamani, alikuwa anatupa mchele anabakiza mawe! Kina mama walicheka, wakamsogelea kumwelekeza, mikono juu ya mikono, na mie nikaona mabega yao yameshuka. Walishasahau kama wanahojiwa.

"Shoga, chukua kinu utwange thomu."

"Nitwange mie? Nizimie hapa mle pilau ya matanga?"

"Afadhali wewe kutwanga. Mie ngazi za kwa dada yangu Mabibo nakaa katikati nipumue. Juzi mtu kanipa sarafu, kadhani naomba."

Tukaangua kicheko.

"Na wewe fundi cherehani, si ulianguka bafuni?"

"Nilianguka. Nikasema nimeteleza. Ningesema nimeona giza, mume wangu angeniuzia cherehani!"

Daktari alikuwa anamtafsiria mgeni chinichini, haraka haraka. Ndipo mama mkwe wangu, anapeta, hata kichwa hajainua, akasema:

"Nyie bado watoto. Mie tangu Ramadhani nalala nimekaa. Nikilaza mgongo tu, naona kama mtu kanikalia kifuani."

Kisu kikanisimama mkononi. Chumba chake na changu vimegawana ukuta. Usiku nilikuwa namsikia na tasbihi yake, subhanallah, subhanallah, na mie kwenye darsa nikawa namsifia kwamba mama mkwe wangu halali, yuko kwenye ibada.

Daktari akatafsiri taratibu. Mgeni akaweka ungo chini, akauliza kama anaruhusiwa kuandika hayo.

"Aandike," akasema mama mkwe. "Kumbe anataka hayo? Si angekaa tupike mapema."

Jioni mgeni alipoondoka, nilimfuata mama mkwe chumbani kwake. Kweli, mito imepangwa ukutani kama kiti.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Una wanao, una masomo yako. Ungelala wewe?"

"Na wewe je?"

"Mie nilikuwa na Mola wangu," akasema. Halafu akanishika mkono. "Usilie, bwana. Sijafa."

Kesho yake alikwenda hospitali bila ubishi, maana daktari mwenyewe alikuja kumchukua. Walimpa dawa ya kutoa maji mwilini, miguu ikapungua kuvimba. Na lile andiko daktari akalirekebisha: watafiti wasigonge hodi na kuuliza hali, wakae na kina mama wakiwa na shughuli zao, wasikilize. Mfuko ulichelewa kujibu, tukakata tamaa, tukaomba, tukakata tena. Halafu siku moja daktari akanipigia simu nikiwa nimekaa darasani, nikatoka nje, nikasujudu palepale kwenye varanda mwalimu ananishangaa. Wametukubalia.

Mashine ya kutazama moyo ililetwa kwenye chumba cha madrasa, ikazungushiwa pazia. Wa kwanza kulala kitandani alikuwa mama mkwe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtangulia. Daktari akampaka mafuta kifuani, akamgeuzia kioo cha mashine. Chumba kikajaa ile sauti, dufu-dufu, dufu-dufu, kama mtu anapiga mbio kwenye matope.

"Ndio wangu huo?" akauliza.

"Ndio wenyewe, bibi. Umetanuka, lakini unafanya kazi."

Akautazama muda mrefu, mkono wake umebana wangu.

"Maskini," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwabembelezea wanangu. "Tazama unavyojitahidi."