Kikoi Kilichosimamisha Ngazi za T-Centralen

Yule mwanaume mliyesikia kwamba alivuliwa nguo na ngazi za umeme pale stesheni ya T-Centralen, Stockholm, ni mimi, msitafute mwingine. Nimechoka kusikia watu wakiisimulia vibaya mbele yangu (kuna mmoja anasema nilikuwa uchi kabisa, mwongo mkubwa yule), afadhali nijiaibishe mwenyewe.

Miaka ile nilikuwa naishi Sundbyberg na nilikuwa namchumbia Neema, Mkongo wa Uvira aliyekulia Bredäng, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mama yake. Mama Neema alikuwa ametangaza kwamba sisi watu wa Tanga ni maneno na marashi tu, na kwamba hatatoa jibu la posa mpaka aje mwenyewe aone ninavyoishi. Basi akaja, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, peke yake, Neema akiwa zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Nikampikia samaki wa kupaka. Akala huku akikagua kuta zangu. Nikaona nimwongezee mchuzi, nikafanya haraka kupita kiasi (mkwe ni mkwe, hata awe mfupi vipi), bakuli zima likaniishia mapajani. Na suruali zangu nyingine? Zote zilikuwa chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo, zinazunguka kwenye mashine, maana zamu ya kufua huku ukiikosa unangoja mpaka unasahau rangi ya nguo zako. Nikavaa kikoi.

Hapo bado ilikuwa aibu ya ndani ya nyumba. Mkasa wenyewe ulianza alipoaga, kwa sababu kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Nikatia koti na buti za theluji juu ya kikoi changu, nikasema namfikisha kwenye lifti tu. Kwenye lifti nikaona si adabu ashuke peke yake. Chini nikaona mfuko niliomfungashia ni mzito, nikaubeba. Njiani akasema, "Beni, rudia sasa, inatosha," nami nikasema, "Nafika hapo tu, mama," na hiyo hapo ikawa inasogea mbele kila tukiifikia. Stesheni nikamwambia yule wa kwenye kibanda cha tiketi kwamba namwekea mama mzigo narudi sasa hivi. Akakitazama kikoi, akazitazama buti, akanifungulia lango. Nikaingia na mfuko mpaka ndani ya behewa niuweke vizuri kwenye kiti, na milango ikajifunga nyuma yangu.

Mtu mwenye akili angeshuka kituo kilichofuata. Hata Mama Neema aliniambia, "Shuka hapa, mwanangu." Lakini mimi na kiherehere changu nikaona nikishuka nitaonekana mjinga, nikamjibu, "La, mama, tangu mwanzo nilikusudia kukufikisha T-Centralen, pale kubadilisha treni watu hupotea." Mwanamke ameishi Stockholm miaka mingi kuliko mimi! Akaguna tu.

T-Centralen mnaijua: treni zote za chini ya ardhi zinakutana pale, na za nje ya mji pia, na Jumamosi mchana ni kama mji mzima umeitwa mkutanoni. Treni yetu ilikuwa inasimama chini kabisa, kwa hiyo tukapanda zile ngazi za umeme ndefu, mama mbele, mimi nyuma na mfuko, najiona mkwe kamili. Tulipokaribia juu nikahisi mtu ananivuta kikoi. Nikageuka nimkaripie, hakuna mtu. Ni ngazi! Pindo limenasa ubavuni na ngazi inalitafuna taratibu, kama mbuzi na jani la mgomba. Nikavuta, nayo ikavuta. Nikapiga ukelele, "Mama!" na hadi leo sijui nilikuwa namwita mama yupi. Mzee mmoja aliyekuwa ameshafika juu akabonyeza kitufe chekundu, ngazi zikasimama kwa kishindo, watu wakalaliana migongoni, na fundo la kikoi, nililolifunga kwa haraka, likaachia. Kikoi kikabaki na ngazi, mimi nikabaki na bukta nyekundu yenye picha za wanyama wenye pembe.

Waswidi hata nyumba ikiungua wataangalia pembeni wasikuaibishe. Siku ile waliangalia.

Sasa, kama hamjui, kwao Neema mkwe na mama mkwe hawagusani kabisa, hata kuketi karibu ni shida. Mama Neema akashika mdomo. "Yesu wangu! Beni! Mbele ya batu bote?" Halafu akachomoa kitenge kwenye mkoba wake, akafumba macho, kweli akayafumba, akashuka kidato kimoja akipapasa, akanizungushia kiunoni na kukaza fundo mpaka nikakosa pumzi. Nikamfuata juu, kichwa chini.

Na juu kasimama nani? Mama Furaha, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao la Bredäng, mwanamke ambaye habari haijawahi kulala kwake.

"Mama Neema," akasema, "ni nani huyu unamuvalisha kitenge yako?"

Angesema hanijui ningemwelewa, hata mimi nisingejijua, lakini Neema ndiyo angekuwa ameniponyoka pale pale. Mama Neema akanitazama mimi, akakitazama kitenge chake kiunoni mwangu, akamtazama Mama Furaha, na nikaona anapiga hesabu: mwanaume asiyemjua, kitenge chake, na kwaya nzima kesho asubuhi.

"Ni mukwe wangu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ataoa Neema. Iko na kaugonjwa ka kichwa, lakini roho yake ni muzuri."

Jibu la posa likatoka hivyo, mbele ya umati na mlinzi wa stesheni aliyekuja kuangalia ngazi zimepatwa na nini. Tulioana kiangazi kile kile. Nimeapa sitamsindikiza mgeni tena kabla sijavaa suruali na mkanda, hata awe askofu. Lakini kule kanisani Bredäng, kila nikienda, lazima atasimama mtu aombe Mungu anifungue kichwa, na mama mkwe wangu hukohoa, akanitazama kwa jicho la pembeni mpaka niitike, "Amina."